Kumi na moja iliyoandikwa moja: uchambuzi wa kisa cha nywila ya mwalimu

Kisa hiki kilitokea katika chuo kimoja hapa Tanzania, kwenye darasa la mwaka wa pili la stashahada ya teknolojia ya habari. Jina la chuo, mkoa, mwaka na somo vimeondolewa, na mambo madogo yanayoweza kumtambulisha mtu yamebadilishwa. Nilikikuta nikiwa mjumbe wa kamati ya nidhamu kutoka idara nyingine.

Nakiandika kwa ajili ya walimu, washauri wa wanafunzi na watu wa TEHAMA vyuoni. Wengi wetu tunasema vijana wa siku hizi hawana maadili ya kompyuta. Niliowasikiliza mimi walikuwa nayo, na mengine makali kuliko yetu, ila walipanga uzito wa makosa tofauti kabisa na kanuni za chuo. Sehemu kubwa ya mpangilio huo walikuwa wameuokota kwetu.

Mazingira

Darasa lilikuwa na wanafunzi wanaokaribia 90. Mwalimu wa somo alikuwa na masomo matatu katika madarasa matatu tofauti, na alama zote za testi na kazi za nyumbani ilibidi ziingizwe kwenye mfumo wa matokeo moja moja, kwa mkono. Kosweki, yaani alama za kazi za muhula kabla ya mtihani wa mwisho, ilibeba alama 40: testi ya kwanza 15, testi ya pili 15, kazi ya kundi 10. Asiyefikisha 16 hakai kwenye mtihani wa mwisho, anarudia somo mwaka unaofuata na ada yake juu.

Mwanafunzi hakuweza kuona alama zake kwenye mfumo mpaka mwalimu azifunge. Zikishafungwa, kuzifungua tena kulihitaji barua, sahihi ya mkuu wa idara na kikao. Kwa hiyo mwanafunzi alijua kuna kosa siku ile ile ambayo kosa limeshakuwa gumu kurekebisha. Hili lilikuwepo miaka mingi na hakuna aliyeliona kuwa tatizo.

Kulikuwa pia na fomu ya matumizi ya kompyuta: kurasa nne za Kiingereza, mwanafunzi anasaini siku ya usajili akiwa kwenye foleni, katikati ya fomu ya bweni na fomu ya bima. Na kulikuwa na moduli ya maadili ya kompyuta, ambayo darasa hili lilikuwa limeshaisoma na kufaulu. Waliikumbuka hasa kwa zile amri kumi zilizotolewa na Computer Ethics Institute ya Marekani mwaka 1992, kwa sababu zilitoka kwenye mtihani.

Watu wa kisa hiki ni wanne. Mwalimu. CR, kiongozi wa darasa, kijana mpole anayeaminiwa na kila mtu. M, mwanafunzi wa kike. Na mmoja ambaye wenzake walimwita Fundi: ndiye anayewapigia Window kwenye kompyuta zao, anayejua programu gani imekrakiwa, yaani imevunjwa kinga yake ili itumike bila leseni, na inapatikana kwenye flashi ya nani.

Yaliyotokea

Jumatatu, Mwalimu alikuwa anajiandaa kwa safari ya kikazi na alama hazijaingizwa. Alimwita CR, akampa karatasi ya alama pamoja na jina lake la kuingilia na nywila, akamwambia: "Niingizie hizi, ukimaliza niambie." Haikuwa mara ya kwanza. Baadaye tulikuja kujua kwamba walimu kadhaa wa idara ile walifanya hivyo, na kwamba kupewa paswedi ya mwalimu ilikuwa heshima, dalili kwamba CR huyu ni mtu wa maana.

CR alifanya kazi hiyo kwenye kompyuta ya maabara. Kivinjari kikamuuliza kama kihifadhi nywila, naye akabonyeza ndiyo ili asiandike tena akirudi kutoka chakula cha mchana. Katika kuingiza alama zile 90, testi ya kwanza ya M, ambayo kwenye karatasi ilikuwa 11, iliingia kama 1.

Jumatano jioni Fundi alikaa kwenye kompyuta ile ile. Alifungua mfumo, akakuta nywila ya Mwalimu imejijaza yenyewe. Aliingia. Hakugusa kitu. Alipiga picha orodha nzima kwa simu akaituma kwenye grupu la WhatsApp la darasa na maneno haya: "Wanangu kosweki hizi hapa, kila mtu ajitafute."

M alijitafuta, akakuta 14. Karatasi yake ya testi alikuwa nayo, yenye 11 kwa wino mwekundu. Kwa hesabu sahihi alipaswa kuwa na 24. Usiku huo alimwandikia Mwalimu: "Shikamoo mwalimu. Samahani kwa usumbufu muda huu. Test one yangu nilipata 11 ila naona imewekwa 1. Naomba msaada wako kabla hazijafungwa." Jibu lilikuja asubuhi: "Marahaba. Niko safarini, nikirudi J3 tutaona." Alama zilikuwa zinafungwa Ijumaa.

Alhamisi M alimfuata CR. CR aliiangalia ile karatasi, akajua ni mkono wake uliokosea. Saa 2:40 usiku, kwenye benchi la nje ya bweni, aliingia kwenye mfumo kwa simu yake, akampa M simu, M akaongeza tarakimu moja. Mbele ya kamati, maelezo ya CR kuhusu tendo hili hayakubadilika hata mara moja: "Kosa nililifanya mimi, nikalisahihisha mimi. Paswedi alinipa, hakuninyang'anya."

Ijumaa alama zikafungwa na kutangazwa. Jumamosi mtu mmoja kwenye grupu akaweka orodha ya Jumatano na ya Ijumaa pamoja, akazungushia mstari jina la M: 14, kisha 24. Hakuandika neno. Vilivyofuata ni vikaragosi vya kucheka, kisha maneno, kisha maneno mabaya. Wiki iliyofuata barua isiyo na jina iliwekwa kwenye sanduku la maoni la mkuu wa chuo, ikidai kwamba Mwalimu anatoa alama kwa rushwa ya ngono, na mfano uliotajwa ni M.

Uamuzi wa kwanza: tuchunguze nini?

Tuhuma ya namna hiyo haipuuzwi. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inaitaja rushwa ya ngono kama kosa, na vyuo vimeshawahi kusutwa kwa kuzifunika tuhuma hizi. Mkuu wa chuo aliamua ichunguzwe kwanza, kabla ya suala la mfumo. M alihojiwa na mjumbe mwanamke, peke yao, mbali na ofisi za idara. Alieleza yote pale pale, pamoja na ile karatasi.

Kumbukumbu za mfumo zilionyesha akaunti ya Mwalimu ilibadilisha alama Alhamisi saa 2:40 usiku kupitia mtandao wa bweni. Mwalimu alikuwa mkoa mwingine, na tiketi ya basi na karatasi za mahudhurio ya warsha zilithibitisha. Tuhuma ya rushwa ikafa hapo. Yakabaki ya nywila.

Uamuzi wa pili: polisi au hapana?

Mkuu wa TEHAMA alitaka jambo lipelekwe polisi. Alikuwa na hoja. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 4, inamtia hatiani anayeingia kwenye mfumo wa kompyuta kinyume cha sheria, na adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 3, au mara tatu ya faida aliyoipata kama hiyo ni kubwa zaidi, au kifungo kisichopungua mwaka 1, au vyote viwili. Alikisoma kifungu hicho kwa sauti mara mbili.

Mshauri wa wanafunzi alipinga kwa sababu ya umri wao. Mwanasheria wa chuo alipinga kwa sababu nyingine: swali la kwanza mahakamani lingekuwa nani alitoa idhini, na jibu lingeangukia chuo. Hoja hiyo ndiyo iliyoshinda. Mimi niliunga mkono tusiende polisi, ila haikunifurahisha kwamba tuliokoa vijana kwa sababu ya kujiokoa sisi.

Karatasi zisizo na majina

Kabla ya kuwahoji wahusika, mjumbe mmoja alipendekeza tulisikilize darasa. Tuliwapa karatasi yenye matendo kadhaa, waweke alama mbele ya kila moja: kosa kubwa, kosa dogo, si kosa. Jina halikutakiwa. Chini palikuwa na nafasi ya kuandika chochote. Haukuwa utafiti na sitautolea takwimu, lakini mwelekeo ulikuwa wazi kiasi kwamba hakuna mjumbe aliyebishana nao.

Kujipa alama usiyostahili: kosa kubwa, karibu wote. Hapa walikuwa wakali kuliko kanuni zetu. Mmoja aliandika kwamba mtu huyo "anadhulumu darasa zima". Kujirudishia alama uliyostahili: darasa liligawanyika, na wengi walisema si kosa. Kumpa rafiki nywila yako: si kosa, ukimnyima ndiyo unaonekana una roho mbaya. Kutumia programu iliyokrakiwa: si kosa, na wengine walishangaa kwamba imeulizwa. Kuangalia alama za mwenzako: si kosa. "Macho hayana pazia," aliandika mmoja. Kutuma orodha ile kwenye grupu: wengi waliita msaada. "Ile skrinishoti ndiyo imemwokoa M."

Palikuwa na sentensi moja ambayo mwenyekiti aliisoma kisha akaiweka mezani bila kusema kitu: "Nyie mnabandika matokeo ukutani na namba zetu za usajili, kila mtu anajua namba ya mwenzake. Sisi tukituma kwenye grupu ndiyo kosa?"

Tuliangalia ubao wa matangazo tulipotoka. Matokeo ya muhula uliopita yalikuwa bado yapo.

Hukumu

M alipewa onyo la maandishi kwa kubadilisha alama bila mamlaka. Alama yake ya 11 ilithibitishwa kwa karatasi ya testi na orodha ya mkono ya Mwalimu, na alifanya mtihani. CR aliondolewa uongozi na kupewa onyo la mwisho. Fundi alisimamishwa muhula mmoja. Mwalimu alipewa barua ya onyo kutoka kwa mwajiri, na kwa taratibu za utumishi barua hiyo ni siri.

Adhabu ya Fundi ndiyo iliyobishaniwa zaidi, ndani na nje ya kamati. Kanuni za chuo zilitaja kubadilisha alama kama kosa la kufukuzwa, lakini hazikuwa na neno hata moja juu ya kuangalia. Kwa kufuata kanuni, M na CR ndio wahalifu wakubwa na Fundi ni mpita njia. Kamati ilichukua mkondo mwingine kwa kutumia kifungu cha jumla cha kuharibu heshima ya mwanajumuiya wa chuo. Darasa halikuelewa, na Fundi mwenyewe hakuelewa. Alisema: "Mimi sijaiba, sijabadilisha. Nimefungua mlango uliokuwa wazi."

Mjumbe mmoja alimuuliza kama anazikumbuka zile amri kumi. Alizitaja kwa mpangilio. Ya tatu ni kutochungulia mafaili ya wengine. Moduli ile alipata A.

Uchambuzi

Mwaka 1986 mtaalamu wa mifumo ya habari Richard Mason alitaja mambo manne ambayo kila mfumo wa taarifa hauna budi kuyajibu: faragha, usahihi, umiliki na ufikiaji. Kwa kawaida huwa nayafundisha kama orodha. Katika kisa hiki yalipigana yenyewe kwa yenyewe. M alikuwa anadai usahihi, na haki yake ilikuwa ya kweli: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inampa mtu haki ya kutaka taarifa zake zenye makosa zirekebishwe. Alichokosa ni njia halali ya kufikia haki hiyo kabla ya Ijumaa. Njia pekee iliyokuwepo ilikuwa ni mtu mmoja aliyekuwa kwenye basi.

Usahihi wa M ulipatikana kwa kuvunjwa faragha ya wenzake wote. Bila skrinishoti ya Fundi, asingejua. Wanafunzi waliliona hili kabla yetu na hawakukosea. Lakini skrinishoti hiyo hiyo ndiyo iliyompaka matope, kwa sababu kama orodha ya Jumatano isingekuwepo, tofauti ya 14 na 24 isingeonekana na mtu yeyote na uzushi usingepata pa kushika. Tukipima kwa madhara, tendo lililoumiza mtu ni kuangalia na kusambaza, ambalo wanafunzi waliliita si kosa na kanuni zetu hazikulitaja kabisa. Tendo ambalo wote tuliliogopa, kubadilisha, lilirudisha ukweli mahali pake. Sisemi kwamba M na CR walifanya sawa. Mfumo ambao kila anayejiona ana haki anaweza kujirekebishia alama hauna maana tena. Nasema tu kwamba uzito tuliozoea kuyapa makosa haya mawili haukulingana na kilichotokea.

Suala la nia nalo lilijirudia sana. Karibu kila mwanafunzi aliyehojiwa alianza na "hakuwa na nia mbaya". Mwaka 1988 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, Robert Morris, aliachia programu iliyojisambaza kwenye mashine nyingi za intaneti ya wakati huo, na alijitetea kwamba hakukusudia kuharibu. Mahakama ya rufaa mwaka 1991 ilisema kinachotakiwa kuthibitishwa ni kwamba alikusudia kuingia mahali asiporuhusiwa, si kwamba alikusudia madhara. Alipata miaka 3 ya uangalizi, saa 400 za kazi za jamii na faini ya dola 10,050. Nilipolisimulia darasani baadaye, lilifungua mjadala kuliko amri zote kumi, ingawa nakiri wengi walibaki na jambo moja tu, kwamba Morris leo ni profesa katika chuo kikuu cha MIT, Marekani.

Kuhusu umiliki, Fundi alitufundisha bila kukusudia. Mtu ambaye laptopu yake nzima ni programu zilizokrakiwa alikuwa na shauri lingine idarani: mwenzake alinakili programu ndogo ya kusimamia steshenari aliyoiandika wakati wa mafunzo kwa vitendo, akaiuza kwa duka jingine. Alipoulizwa kwa nini hilo linamuuma, alijibu haraka: "Ile ni jasho langu." Kumbe hisia ya umiliki anayo, tena hai. Anaijua pale anapomwona mwenye jasho. Kampuni iliyo ng'ambo, inayouza leseni kwa bei inayolingana na bumu, ile pesa ya mkopo wa mwanafunzi, la miezi kadhaa, haina sura wala jasho machoni pake. Anayefundisha hakimiliki kwa vijana hawa aanzie kwenye programu ya steshenari. Akianza na kampuni kubwa atawapoteza dakika ya kwanza.

Ile karatasi isiyo na majina ndiyo iliyofanya kazi kuliko yote tuliyoyafanya. Tungeenda moja kwa moja kwenye mahojiano, tungesikia majibu ya mtihani, kama Fundi alivyozitaja amri zake. Pia uamuzi wa kumhoji M kwa faragha na mapema ulimlinda. Baada ya hukumu, kwa ridhaa yake, mkuu wa idara alilieleza darasa kwamba 11 ilikuwa alama yake halali tangu mwanzo. Maneno kwenye grupu yalikoma, ingawa yalikuwa yamekwisha kumzunguka kwa zaidi ya wiki mbili na chuo kiko kimya.

Kilichoharibika vibaya ni usiri wa barua ya Mwalimu. Wanafunzi waliona vijana watatu wakiadhibiwa na aliyetoa nywila akiendelea kuingia darasani kama kawaida. Hitimisho lao lilikuwa kwamba nywila ni kosa la mdogo. Taratibu za utumishi hazikuruhusu kuitangaza barua, lakini hakuna utaratibu uliomzuia Mwalimu mwenyewe kusimama mbele ya darasa na kusema kwamba kuitoa ile nywila lilikuwa kosa lake. Alishauriwa afanye hivyo. Alisema atafikiria.

Hali baada ya hapo

Kivinjari cha maabara hakihifadhi tena nywila, na kila mwalimu anatumiwa ujumbe kwenye simu alama inapobadilishwa kupitia akaunti yake. Mwanafunzi sasa anaona alama zake mwenyewe siku 7 kabla hazijafungwa na ana fomu fupi ya Kiswahili ya kuomba marekebisho, ambayo idara inalazimika kuijibu. Muhula wa kwanza wa fomu hiyo ulileta maombi mengi kuliko tulivyotegemea, na sehemu kubwa yalikuwa ya kweli: tarakimu zilizorukwa, mistari iliyopishana, alama za mtu zilizowekwa kwa jirani yake kwenye orodha. Matokeo hayabandikwi ukutani.

Kamati ilipendekeza pia mambo mawili yaliyohitaji fedha. La kwanza, wasaidizi wa kuingiza alama wenye akaunti zao wenyewe, ili mwalimu mwenye madarasa matatu asitafute mkono wa CR. La pili, moduli ya maadili ifundishwe kwa visa na isitahiniwe kwa kutaja orodha. La pili limekubaliwa na kisa hiki ni kimojawapo. La kwanza liko kwenye bajeti ya mwaka ujao, kama lilivyokuwa kwenye bajeti ya mwaka huu.